Viti Viwili

Kwa Otari bado huniwekea viti viwili,
vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani
kama walivyofanya miaka kumi na tisa
ili mwongoza karamu asianguke akiwataja marehemu.
Hakuna aliyefikiria kuifungua kamba.
Nimekaa kwenye kimoja. Kingine kinanitazama.

Daktari wa Tbilisi alikata, akashona,
akaniachia tumbo lenye ukubwa wa yai la bata.
Akasema: Nugzar, tafuna mara thelathini.
Mimi! Niliyekuwa nikimeza kwanza, nikiuliza baadaye.
Mwezi mzima nilikunywa supu kwa kijiko cha mtoto,
kile chenye sungura kwenye mpini,
ambacho mjukuu wangu Tekle alinikopesha
kwa sharti nikirudishe.

Mla ni mla leo; mla jana kala nini?
Niulizeni mimi alichokula.
Hinkali arobaini na moja, harusi ya Badri,
vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi wa moto ndani.
Vikonyo vyake haviliwi, huachwa vitoe ushahidi.
Nilivipanga ukingoni mwa sahani kama meno,
watu wakasimama kuvihesabu,
wakanipigia makofi.
Sijawahi kupigiwa makofi kwa jambo jingine.

Hilo sikumwambia daktari.
Aliuliza sukari, magoti, kukoroma.

Kila alfajiri nainama ndani ya tanuri
kubandika mikate kwenye ukuta wake.
Zamani tumbo lilitangulia, likaungua.
Kovu lipo, ila limehama, limeshuka karibu na paja,
maana ngozi haikupewa habari:
inaning'inia bado, shuka la mgeni
aliyeondoka bila kuaga.
Mkate wangu mwenyewe siumezi.
Hukwama hapa, kifuani, kama neno la kuomba radhi.
Nauonja kwa pua.

Pete ilinitoka nikikanda, ikaokwa.
Mwalimu Guguli aliirudisha ameshika shavu.

Na wapita njia: Nugzar, unaumwa nini?
Nilipokuwa naumwa kweli, nikipumzika mara nne ngazini,
waliniita jabali, wakaniongezea nyama.

Mzevinar usiku hunipapasa mbavu, hushtuka.
"Nani huyu?" aliuliza siku moja, nusu usingizini.
Nilicheka. Yeye hakucheka.
Sufuria kubwa ameipandisha juu ya kabati, kifudifudi.
Miaka thelathini alinipenda kwa mwiko,
sasa anapima jibini, gramu sitini,
kwa mkono wa sonara,
kisha anabaki amesimama jikoni
hajui mikono aiweke wapi.

Basi usiku huu, kwa Otari, nimesimama.
Rahisi mno kusimama, inanitia aibu.
Pembe niliyokuwa nikiimaliza kwa pumzi moja
leo ina maji ya komamanga, mafunda mawili.
Meza imenyamaza.
Nimewataja waliokufa, mmoja mmoja,
nikafika mwisho wa majina na sauti bado ipo,
haikuwa imekaa tumboni kumbe.
Nikataka kulitaja na lile jitu la kiti cha pili,
lililokula ili lipendwe, likapendwa.
Midomo ikafunguka. Nikasema tu: na wengineo.

Hinkali moja. Tafuna thelathini.
Kikonyo kimoja kwenye sahani pana.

Tekle akapanda kiti kitupu bila ruhusa,
akapiga magoti juu ya kamba,
akala mbili haraka, mchuzi ukimchirizika hadi kiwiko,
na vikonyo vyake akaviweka kwangu.
"Wasije wakasema hukula."

Kimoja changu, viwili vya kuazima.
Otari alipita na birika,
akatazama sahani, akatazama mtoto,
akajifanya hajui kujumlisha.

Kijiko cha sungura bado ninacho.
Hajakidai. Sijakirudisha.